Babu alifia hospitali gani? Jibu laweza kukufaa wewe uliye hai

MSICHANA wa miaka 26 alinijia kliniki na haja ambayo sikuwahi kuletewa. Hakuwa na homa wala maumivu. Alitaka nimwandikie barua ya kuthibitisha kwamba hana wazimu.

Jamaa za mchumba wake walikuwa wamesikia kwamba babu yake, mzaa babake, "alifia Mathari". Mipango ya arusi ikasimamishwa. Nyumbani kwao, magharibi mwa Kenya, habari za mzee huyo hazikuzungumzwa. Lililojulikana ni kwamba siku moja alianza kupiga mayowe na kurusha mawe, akafungwa kamba, akachukuliwa na askari wa chifu, asirudi tena. Walipochoka kungoja, jamaa walizika mgomba badala ya maiti.

Nilimwuliza, "Nani alikwambia alifia Mathari?"

"Kila mtu, daktari."

"Na nani aliyeiona karatasi?"

Akanyamaza.

Msomaji mpendwa, huenda hata katika ukoo wako yuko mtu wa namna hiyo, aliyepelekwa "hospitali ya serikali" asionekane tena. Wengi huona heri kumsahau. Mimi kama daktari nakushauri umtafute, kwa sababu ugonjwa uliomwua ni sehemu ya historia ya afya yako. Ama utajua la kujihadhari nalo, ama utatua mzigo usiokuwa wako.

Anza na wazee

Usianzie hospitalini. Anza na shangazi, nyanya na wazee wa rika lake. Usiwaulize mwaka, kwani wengi hawakuhesabu miaka hivyo. Waulize: ilikuwa kabla ya Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 au baadaye? Wakati wa homa kuu ya 1918? Baada ya askari kurudi kutoka Burma? Wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza 1952? Ni nani aliyezaliwa mwaka huo?

Kisha andika majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo, la baba yake na la chifu wake. Karani wa zamani aliandika alichosikia, kwa hiyo mtafute Wafula hata mahali palipoandikwa "Wavula".

Yajue majina ya zamani

Wengi hukwama kwa sababu hutafuta jina la leo katika karatasi za jana. Murang'a iliandikwa Fort Hall. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, na Webuye ikawa Broderick Falls. Nyanza na magharibi ziliitwa Kavirondo.

Hospitali nazo zilibadilisha majina. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka wa 1901 kama hospitali ya Waafrika, ikaitwa King George VI katika miaka ya 1950, kisha ikapewa jina la sasa baada ya uhuru. Mathari ilikuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui kabla ya kugeuzwa nyumba ya wenye wazimu mwaka wa 1910. Jina la Mathari ililipata mwaka wa 1924.

Kwa miongo mingi Mathari ndiyo iliyokuwa hospitali kuu ya maradhi ya akili nchini. Ndiyo maana mtu yeyote aliyechukuliwa akiwa amechanganyikiwa, kijiji kilisema "amepelekwa Mathari". Lakini safari ilikuwa ndefu. Wagonjwa wengi waliwekwa kwanza katika hospitali za wilaya au hata gerezani wakisubiri kusafirishwa, na si wote waliofika.

Kama babu alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu vya Kwanza, yule tunayemwita wa Kariakoo, huenda alifia katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Karatasi ziko wapi?

Cheti cha kifo huenda usikipate. Uandikishaji wa vifo ulianza kwa Wazungu, kisha Waasia, na kwa Waafrika ulienezwa polepole. Haikuwa lazima nchini kote hadi mwaka wa 1971. Basi tafuta mahali pengine.

Kwanza, nenda katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, barabara ya Moi, Nairobi. Humo mna faili za wakuu wa wilaya na mikoa ya kikoloni pamoja na za idara ya matibabu. Pili, nenda katika ofisi ya rekodi ya hospitali yenyewe. Usishangae ukitakiwa uthibitishe undugu wenu, kwani siri ya mgonjwa hulindwa. Tatu, kumbuka hospitali za misheni, kama vile Tumutumu, Kikuyu, Kaimosi na Maseno. Makanisa yaliweka madaftari yao wenyewe ya ubatizo na mazishi. Nne, tafuta za mahakama. Kwa sheria za wakati huo, mtu hakutiwa katika nyumba ya wenye wazimu kwa neno la daktari peke yake. Hakimu naye alitoa amri.

Maneno ya kale

Ukiipata karatasi, usiisome peke yako ukatishika. Mpelekee daktari. Ukiona "phthisis", hiyo ni TB. "Pellagra" ni upungufu wa vitamini uliowapata watu walioishi kwa mahindi matupu, ukawaletea vidonda vya ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa. Neno "mania" lilibandikwa karibu kila mtu aliyepiga kelele. Palipoandikwa kwamba mtu alipooza kwa wazimu, mara nyingi ilikuwa kaswende iliyofika ubongoni, ambayo leo hutibiwa mapema kwa penisilini. Kifafa kilihesabiwa kuwa wazimu, na mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua alitiwa kundi hilo hilo.

Utaona kwamba mengi ya maradhi haya hayarithiwi.

Yako yanayofuata damu kwa kiasi. Skizofrenia humpata karibu mtu 1 kati ya 100. Kama mzazi anayo, hatari kwa mtoto ni kama 10 kati ya 100, maana yake 90 hawaupati. Kwa mjukuu hatari hupungua zaidi. Ugonjwa wa Huntington ni nadra sana, lakini huo ni mkali: kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuurithi.

Kwa hiyo ukija kwa daktari, usiseme tu "babu alikuwa mwenda wazimu". Sema alianza akiwa na umri gani, ghafla au polepole, kama alikuwa na homa, kifafa au ulevi, na kama kuna jamaa wengine waliougua vivyo hivyo. Majibu hayo manne au matano yatanisaidia kuliko mashine nyingi.

Yule msichana

Nyanya mmoja wa ukoo wao alikumbuka kwamba mzee alichukuliwa mwaka mmoja baada ya wanajeshi kurudi kutoka vitani, yaani 1946 hivi. Msichana akakaa siku tatu katika Hifadhi ya Nyaraka. Aliona orodha ya waliopelekwa Mathari kutoka wilaya yao, na jina la babu yake halikuwamo. Nikamshauri aende hospitali ya wilaya. Karani mmoja mwenye subira akamtolea daftari kuukuu kutoka stoo.

Jina lilikuwamo, limekosewa herufi mbili, lakini la chifu lilikuwa sawa. Mgonjwa aliletwa amefungwa, ana homa kali, shingo imekakamaa, anapayuka. Alikufa siku ya nne. Sababu: homa ya uti wa mgongo.

Hakuwa mwenda wazimu. Alikuwa na ambukizo katika ngozi zinazofunika ubongo, na kelele zake zilikuwa za homa. Alifia kama kilomita 40 kutoka nyumbani, na kwa zaidi ya miaka 70 ukoo wake ulibeba aibu ya hospitali ambayo hakuifikia.

Ile barua sikuiandika. Msichana alichukua nakala ya ukurasa ule, akaipeleka kwa babake kwanza. Aliniambia mzee aliisoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo tulimfunga kamba mtu mgonjwa wa homa?" Kisha akatoka nje akakaa peke yake chini ya mwembe mpaka jioni.

Neno la mwisho

Swali hilo la mzee nakuachia nawe, msomaji. Hata leo mtu aliyekuwa mzima jana, akianza kupayuka au kukosa kutambua watu huku ana homa, usimfunge kamba wala usimpeleke kwa maombi kwanza. Huenda ni malaria iliyopanda ubongoni au homa ya uti wa mgongo, na saa chache zaweza kumtenga na kaburi. Mkimbize hospitali.

Na kama ugonjwa wenyewe ni wa akili kweli, nao una dawa na si fedheha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Waulize wazee wako wiki hii, maadamu wangalipo wa kukujibu.