Utengule mbili na mabwana wanaobadilika

Ukisimama njia panda ya Uyole, Utengule ziko mbili: moja huku magharibi, maeneo ya Mbalizi, nyingine Mbarali, katika bonde la Usangu. Majina hayakufanana kwa bahati. Merere, mtawala wa Wasangu, alitimuliwa na Wahehe katika miaka ya 1870, akapanda Usafwa, upande wa Mbalizi, akajenga mji wenye ukuta wa mawe na kuupa jina la makao aliyoyakimbia.

Awali Wasangu ndio waliotisha nyanda hizi. Mbinu za vita walizipata kwa Wangoni. Wahehe wakazipata kwa Wasangu. Uhehe wenyewe, hadi katikati ya karne ya 19, ulikuwa nchi ndogo ndogo, kila moja na mkubwa wake, mpaka Munyigumba wa ukoo wa Muyinga alipozikusanya. Konseli wa Uingereza, James Elton, alipofika kwa Merere mwaka 1877, aliukuta mji wake umezingirwa na Wahehe.

Kukimbia hakukumvua Merere utawala. Wasafwa walikuwa na mamwene (watawala) wengi wasio na jeshi la pamoja, wakajikuta raia wa mkimbizi. Kwangu hapa ndipo penye utamu wa habari: mnyonge mbele ya Wahehe wa Iringa ni bwana wa Mbeya.

Ireland ya kale iliyajua haya. Ukoo wa Dál Cais ulitokana na watu waliowalipa kodi wafalme wa Munster, lakini karne ya 10 ulipanda, na mwaka 1002 Brian Boru, mtu wa ukoo huo, akawa mfalme mkuu wa kisiwa. Watunza nasaba nao wakawapatia babu mmoja na mabwana wao wa jana! Masimulizi ya Wahehe yana njia yake: mwindaji mgeni, Mufwimi, alizaa na binti wa mtawala, na mtoto huyo ndiye Muyinga. Sisemi ni uongo. Nasema masimulizi hayo yana kazi: mgeni anapata haki ya nchi kupitia kwa mama.

Mkwawa, mwana wa Munyigumba, hakutegemea nasaba tupu. Katika nchi alizozitawala aliweka wazagila, wasaidizi wake mwenyewe. Kalenga, ngome yake, ilianguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1894. Wasangu, waliokuwa upande wa Wajerumani, wakarudishiwa Usangu. Wasafwa wakabaki milimani kwao, na badala ya Merere wakaja kudaiwa kodi ya kibanda na Mjerumani.