MALIPO YA LIKIZO ISIYOCHUKULIWA: NAMNA YANAVYOKADIRIWA

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wameajiriwa Tanzania Bara, katika mahoteli, viwanda na biashara za watu binafsi. Ajira inapokwisha, baadhi yao hurejea nyumbani wakiuliza iwapo siku za likizo walizobakisha zina malipo, na ni kiasi gani. Maelezo haya yanatolewa ili wao, pamoja na watumishi wa Serikali wanaowaendea kwa ushauri, waifahamu hesabu hiyo.

Ieleweke kwanza kwamba kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004. Watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wanaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Hesabu inayofuata ni ya sheria ya Bara pekee. Aliyeajiriwa Visiwani asiitumie kudai haki yake.

Likizo na muda wake

Mfanyakazi wa Bara anastahili likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila miezi 12, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Kwa kawaida, mwenye utumishi usiotimia miezi 6 hana haki hiyo, isipokuwa mfanyakazi wa msimu.

Makusudio ya likizo ni kupumzika, wala si kuongeza kipato. Kwa hiyo, likizo hutakiwa kuchukuliwa ndani ya miezi 6 tangu kumalizika kwa mwaka wake, au ndani ya miezi 12 iwapo mfanyakazi amekubali na mahitaji ya kazi yanalazimu. Hapa ndipo wengi wanapopata hasara: likizo iliyopitwa na muda huo bila ya kuchukuliwa haidaiwi fedha ajira inapokoma. Anayedhani kuwa anaweka akiba kwa kulimbikiza likizo za miaka mitatu au minne huenda akaondoka bila ya malipo ya siku hizo.

Tangu marekebisho ya 2015, mwajiri anaweza, kwa ridhaa ya mfanyakazi, kumtaka afanye kazi wakati wa likizo yake na kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Hata hivyo, mfanyakazi haruhusiwi kufanya kazi miaka miwili mfululizo bila ya likizo.

Hesabu yenyewe

Ajira inapokoma, mfanyakazi hulipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Asili ya namba hiyo ni nyepesi kuielewa. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hufanya siku 312 kwa mwaka. Ukigawa kwa 13 unapata 24, ambazo ndizo siku za kazi zilizomo ndani ya siku 28 mfululizo.

Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi, kisha kugawa kwa siku za kazi za kila wiki. Mshahara wa msingi hauingizi posho wala malipo ya saa za ziada.

Mfano: mfanyakazi analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya shilingi 100,000, naye hufanya kazi siku 6 kwa wiki. Likizo ya mwaka uliopita alikwisha kuichukua. Katika mwaka mpya alifanya kazi siku 156, kisha ajira ikakoma.

Mshahara wa siku: 520,000 kugawa kwa 4.333, kisha kwa 6, ni takriban shilingi 20,000.
Siku anazostahili: 156 kugawa kwa 13, ni siku 12.
Malipo: 20,000 mara 12, ni takriban shilingi 240,000.

Mwajiri akigawa mshahara huo kwa siku 30 za mwezi, kisha akalipa siku hizo hizo 12, mfanyakazi atapata takriban shilingi 208,000, na atakuwa amepunjwa shilingi 32,000.

Ushauri

Kila aliyeajiriwa anashauriwa kuhifadhi mkataba wake, hati za mshahara, na nakala ya kila ombi la likizo pamoja na jibu lake. Asiyeridhika na malipo aliyopewa ana haki ya kupeleka dai lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Tanzania Bara, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Siku hizo huenda zikapita upesi kwa aliyekwisha kuvuka bahari kurudi kwao. Kwa hiyo ni vyema hesabu ikaguliwe kabla ya kutia saini na kuondoka.