Uzamivu Usio na Somo Moja

Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtunuku Henry Nash Smith shahada ya uzamivu katika historia ya ustaarabu wa Marekani, fani iliyokuwa changa mno. Smith alitaka kujua Wamarekani waliiwazaje nchi pana ya magharibi. Hakuishia kwa wanasiasa na washairi. Alisoma pia riwaya za bei rahisi za karne ya 19, ambazo wasomi wa fasihi walizidharau. Utafiti huo ulizaa kitabu Virgin Land, kilichotoka mwaka 1950.

Idara za Masomo ya Marekani, kama fani hiyo inavyoitwa sasa, zimeendelea na mwendo huohuo: swali hutangulia, nyenzo hufuata.

Tuchukue merikani, kitambaa kilichowahi kutamba pwani yetu. Pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani Massachusetts, ikapakiwa melini Salem na kushushwa Unguja, ambako balozi mdogo wa Marekani aliwasili mwaka 1837. Meli zilirudi na pembe za ndovu, na nyingi ziliishia Connecticut kuchongwa vibonyezo vya piano. Mwanahistoria wa uchumi atahesabu marobota na faida. Mzamivu wa Masomo ya Marekani atauliza zaidi: mnunuzi wa Unguja alikipendea nini kitambaa hicho, na mpagazi aliyebeba pembe kutoka bara yuko wapi katika simulizi ya piano? Basi atasoma barua za wafanyabiashara, atakishika kitambaa chenyewe katika makumbusho, na Kiswahili itabidi ajifunze.

Kwa kawaida miaka miwili ya mwanzo ya uzamivu huu ni ya madarasa. Kisha mwanafunzi hukubaliana na maprofesa wake orodha ndefu za vitabu na kuhojiwa na jopo, kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu. Jopo linaweza kuwa na mwanahistoria, mwanaanthropolojia na mtaalamu wa filamu, na kila mmoja ana kipimo chake cha ushahidi. Anayedhani taaluma mtambuka ni ruhusa ya kudonoadonoa huumbuka hapo. Lazima awe na mbinu moja aliyoiva nayo kabisa, ndipo aazime nyingine.

Kupata ajira nako ni kazi ngumu, kwa kuwa nafasi nyingi hutangazwa kwa jina la historia au fasihi. Wapo waliovuka. Philip Deloria alipata uzamivu wa Masomo ya Marekani Yale mwaka 1994, akaandika Playing Indian kuhusu Wazungu waliojivika mavazi ya wenyeji asilia, na baadaye akawa profesa wa historia Harvard.

Anayefikiria kuomba nafasi asivutwe na jina la chuo. Asome kwanza vitabu vya maprofesa wa idara hiyo, amtambue atakayeweza kulisimamia swali lake, kisha aulize wazi posho ni ya miaka mingapi na wahitimu wa karibuni wameajiriwa wapi.