Milimita 539 Zinazoitwa 3000

Kamera ya Nikon Coolpix P1000, iliyotoka mwaka 2018, ilitangazwa kwamba zumu yake inafika milimita 3000. Ukisoma maandishi yanayozunguka kioo cha lenzi yake, unakuta 4.3-539mm. Hakuna aliyedanganya. 539 ni urefu halisi wa fokasi. 3000 ni urefu linganifu, yaani lenzi ambayo ungeihitaji kwenye kamera ya filamu ya milimita 35 ili uone eneo lile lile.

Kwa nini filamu hiyo? Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 ilipiga picha za milimita 36 kwa 24, na kipimo hicho kikaenea duniani. Mpiga picha akisikia 28 alijua ni ya kuchukua ukumbi mzima, 50 ya kawaida, 135 ya kuvuta. Dijitali ikaja na sensa za kila ukubwa, namba zile zikavurugika.

Lenzi humwaga taswira ya duara nyuma yake, na sensa huchukua kipande tu cha duara hilo. Sensa ndogo huchukua katikati na kuacha pembeni, ndiyo maana picha huonekana imevutwa ilhali lenzi haijabadilika hata kidogo. Kupata urefu linganifu, kwenye sensa za APS-C za Nikon na Sony unazidisha urefu halisi kwa 1.5, za Canon kwa 1.6, za Micro Four Thirds kwa 2. Sensa ya P1000 ni ndogo kiasi kwamba unazidisha kwa takriban 5.6.

Basi anayenunua Canon ya mtumba yenye sensa ya APS-C, akafunga lenzi ya 50mm f/1.8 kwa sababu ni ya bei nafuu, ana lenzi inayoona kama 80. Kwa picha za sura ni tamu. Kwenye sendofu ya sebuleni atarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na mashangazi wawili bado watakuwa nje ya picha. Bora atafute ya 24, itakayoona kama 38.

Ninapogombana na matangazo ni kwenye namba ya f, ile inayoeleza uwazi wa tundu la lenzi. Simu huandikwa 24mm f/1.8: milimita zimezidishwa, f imeachwa ilivyo. Ni kweli f/1.8 haibadiliki unapopima mwangaza wa kupigia picha. Lakini nyuma kufifia kunategemea upana halisi wa tundu, na urefu halisi wa fokasi wa lenzi ya simu haufiki hata milimita 10, kwa hiyo tundu lake ni dogo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, zidisha na f pia: 25mm f/1.4 ya Micro Four Thirds huona kama 50 na kufifisha nyuma kama f/2.8. Simu haina ubavu huo, ndiyo maana ukungu wa nyuma huchorwa na programu, na mara nyingine hula nywele za mtu.

Wengi pia hudhani lenzi iliyoundwa kwa ajili ya sensa ndogo imeshapigiwa hesabu kiwandani. Haijapigiwa. Nikkor DX 35mm imeandikwa urefu wake halisi kama lenzi yoyote. Ukiifunga kwenye Nikon ya APS-C inaona kama 52, sawasawa na 35 iliyotengenezwa kwa fulu fremu, yaani sensa ya milimita 36 kwa 24, ikifungwa kwenye kamera hiyo hiyo.