Mashindano ya Pia: Aliyeshindwa Asifungashe Virago

Watu wanaotaka kuandaa mashindano ya pia mtaani, shuleni au katika klabu yao kwa kawaida huanza na ukumbi, zawadi na tangazo. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini uamuzi unaobeba siku nzima ni mwingine, na mara nyingi hupitishwa bila kujadiliwa: mechi zipangwe kwa mfumo gani. Mistari ya mtoano huchorwa kwenye karatasi kwa kuwa kila mtu ameizoea katika vikombe vya mpira, majina hujazwa, na kazi ikaanza. Hoja yangu ni kwamba kwa mchezo huu mtoano ndio mfumo usiofaa kuliko yote, na kwamba mwandaaji anayewajali wachezaji wake hana budi kuchagua mfumo unaomwacha kila mmoja acheze hadi raundi ya mwisho ya makundi. Hoja hiyo haisimami juu ya huruma peke yake. Inasimama juu ya namna pia zinavyopambana, na mtu anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi.

Kupambanisha pia ni mchezo wa zamani na wa nchi nyingi. Katika jimbo la Kelantan huko Malaysia watu wazima hurusha gasing, pia ambazo baadhi yake hufikia uzito wa kilo 5. Wapo wanaoshindania kuigonga pia ya mwenzao, na wapo wanaoshindania kuzunguka muda mrefu zaidi. Nchini Japani watoto walicheza beigoma, pia ndogo za chuma cha kusubu, juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye mdomo wa ndoo au pipa, na iliyotupwa nje ikahesabiwa imeshindwa. Mwaka 1999 kampuni ya Takara ililichukua wazo hilo ikatoa Beyblade, pia ya vipande vinavyofunguka na kuunganishwa upya, inayorushwa kwa kirushio ndani ya uwanja wenye umbo la bakuli. Manga ya Takao Aoki na katuni za televisheni ziliisambaza duniani, na leo wapenzi wake wengi ni watu wazima walioanza kuicheza utotoni. Kizazi cha sasa, Beyblade X, kilitoka Julai 2023. Katika sheria zake, pia inayoendelea kuzunguka baada ya nyingine kusimama humpa mwenyewe pointi 1. Kuitoa ya mpinzani nje, au kuipiga hadi vipande vyake vikaachana, ni pointi 2. Kuisukumia katika tundu kubwa la katikati ukingoni ni pointi 3. Anayetangulia kufikisha pointi 4 ndiye mshindi wa mechi.

Ukizitazama pointi hizo vizuri utaona kwamba mipambano miwili yaweza kuimaliza mechi nzima, na mpambano mmoja huenda ukaisha katika sekunde chache. Ujuzi upo, tena mwingi: kuchagua vipande vinavyoelewana, kujua pembe ya kurushia, kupima nguvu ya mkono, kumsoma mpinzani. Lakini ujuzi huo wote hukomea pale kirushio kinapoiachia pia. Timu ya mpira iliyofungwa bao moja ina dakika zilizobaki za kubadili mbinu. Mrushaji hana cha kubadili, anabaki kutazama. Tofauti ndogo ya mahali pia zilipogusana mara ya kwanza yaweza kuzipeleka njia mbili zisizofanana kabisa. Juu ya hayo kuna suala la aina. Kwa desturi ya mchezo huu, pia ya mashambulizi huielemea ile ya ustahimilivu, ya ustahimilivu huizidi ya ulinzi kwa kudumu, na ya ulinzi huyabeba mapigo ya ile ya mashambulizi. Mchezaji hodari anaweza kupoteza mechi kwa sababu tu droo imemkutanisha na aina inayoikaba ya kwake.

Tuchukue mfano wa mchezaji aliye bora kuliko wenzake wote, kiasi kwamba kila mpambano ana nafasi ya asilimia 60 ya kushinda. Hiyo ni tofauti kubwa ya uwezo. Ikiwa mechi ni ya kutafuta ushindi wa mipambano mitatu, nafasi yake ya kuishinda mechi moja ni takriban asilimia 68. Maana yake ni kwamba karibu mara moja katika kila mara tatu, mchezaji bora wa ukumbini anapoteza mechi yake ya kwanza; na katika mtoano, siku yake imekwisha hapo. Wakiwa wachezaji 16, bingwa lazima ashinde mechi nne mfululizo, na nafasi ya mchezaji wetu kufanya hivyo ni asilimia 22 hivi. Kombe linalompita aliye bora karibu mara nne katika kila tano haliwezi kudai kwamba linapima ubora.

Hasara ya pili inawaangukia wengi zaidi. Mtoano wa watu 16 una mechi 15 tu. Baada ya raundi ya kwanza watu 8 wametoka, na baada ya ya pili wametoka 12. Kwa wastani kila mtu amecheza chini ya mechi mbili, na nusu yao wamecheza moja. Mtu aliyesafisha pia zake jana usiku, akapanda daladala au matatu, akalipa kiingilio, anapata dakika chache za mchezo na mchana mzima wa kutazama wengine. Anayeshangaa kwa nini mashindano ya pili yalipata watu nusu ya yale ya kwanza ataona sababu mojawapo katika hesabu hiyo.

Hata mshindi wa pili wa mtoano hana uhakika na nafasi yake. Jambo hili lilielezwa mwaka 1883 na mwanahisabati Mwingereza Charles Dodgson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, mtunzi wa kile kisa ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu. Alikuwa akiandika kuhusu mashindano ya tenisi, baada ya kusikia malalamiko ya mchezaji aliyetolewa mapema kisha akaona zawadi ya pili ikienda kwa mtu aliyemjua kuwa ni dhaifu kuliko yeye. Dodgson alionyesha kwamba wakiwa wachezaji 32, hata kama aliye bora hushinda daima, nafasi ya yule wa pili kwa ubora kuipata zawadi ya pili ni 16 kati ya 31 tu. Kwa wachezaji 16 ni 8 kati ya 15. Ikitokea droo ikawaweka wawili hao upande mmoja wa karatasi, wa pili atatolewa kabla ya fainali, hata angecheza vizuri namna gani. Na hiyo ni tenisi, ambamo mchezaji ana saa nzima ya kujirekebisha. Katika pia kasoro hiyo hukua.

Dawa imekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1895, katika mashindano ya sataranji mjini Zürich, ulitumika kwa mara ya kwanza mfumo ambao tangu hapo unaitwa wa Uswisi, na sifa za kuubuni hupewa Julius Müller. Olimpiadi ya Sataranji, inayozikutanisha timu za nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, inautumia tangu mwaka 1976. Kanuni yake ni nyepesi: hatolewi mtu. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kura. Kuanzia ya pili, kila mmoja hukutanishwa na mwenye idadi ya ushindi sawa na yake, au inayokaribiana nayo, na hakuna wawili wanaokutana mara mbili. Kwa watu 16 raundi nne zinatosha. Mwishoni, ikiwa hakuna sare, mmoja atakuwa na ushindi wa mara nne, wanne mara tatu, sita mara mbili, wanne mara moja, na mmoja hana. Wote wamecheza mechi nne. Tena aliyeanza vibaya hukutana na walioanza vibaya kama yeye, kwa hiyo mechi zake za baadaye ni za watu wa kiwango chake, na huko ndiko mchezaji mpya anakopata ushindi wake wa kwanza.

Je, mfumo huu unamtendea haki yule aliye bora? Unamtendea haki zaidi, ingawa hauifuti bahati. Mchezaji wetu wa asilimia 60 ana nafasi ya asilimia 47 ya kufika nusu fainali ya mtoano. Katika raundi nne za mfumo wa Uswisi, nafasi yake ya kumaliza na ushindi usiopungua mara tatu ni asilimia 62 hivi. Kuteleza mara moja hakumwangushi.

Pingamizi la kwanza ni muda, na lina uzito. Tuseme mechi moja pamoja na matayarisho huchukua dakika 5, na kuna viwanja vinne. Mtoano wa watu 16 utamalizika kwa dakika 25. Raundi nne za Uswisi zitachukua dakika 40. Ongeza dakika 10 za nusu fainali na fainali, na dakika 20 za kupanga raundi, utapata saa moja na dakika 10. Kwa viwanja viwili itakaribia saa mbili. Muda unaongezeka, ni kweli, lakini ulioongezeka ni muda wa kucheza, na wachezaji wamekuja kwa ajili hiyo. Ukumbi uliokodiwa kwa mchana mzima hauwezi kusemwa umejaa ikiwa shughuli imekwisha kabla ya watu kuagiza chai.

Pingamizi la pili husema kwamba mtoano una msisimko, na kwamba umati unataka fainali. Umati hauna makosa. Kwa hiyo baada ya raundi za Uswisi, wanne wa juu waingie nusu fainali, na fainali ichezwe peke yake huku wengine wote wameuzunguka uwanja. Hapo patatokea tatizo moja la kweli: wenye ushindi wa mara tatu ni wanne, na nafasi zilizobaki ni tatu. Njia iliyozoeleka ni kujumlisha ushindi wa wapinzani wa kila mmoja, na mwenye jumla kubwa awe juu kwa kuwa alikutana na watu wagumu zaidi. Njia ya wazi zaidi kwa watazamaji ni kuwarusha wawili wa chini katika mechi moja ya kuamua. Njia yoyote itakayochaguliwa itangazwe kabla ya pia ya kwanza kurushwa. Wachezaji wakiwa witiri, mmoja wa walio chini hupumzika raundi hiyo na kuhesabiwa ameshinda, na hapumziki mara mbili.

Wapo wanaosema kwamba kushindwa ni sehemu ya ushindani, na kwamba kumwachia aliyeshindwa aendelee ni kumbembeleza. Nadhani wanachanganya mambo mawili. Katika mfumo wa Uswisi aliyeshindwa ameshindwa. Ushindi alioukosa haurudi, na jina lake linashuka kwenye ubao mbele ya watu wote. Kinachobaki kwake ni nafasi ya kutumia alichojifunza. Pia yake ikitupwa nje katika mechi ya kwanza, anaweza kubadilisha ncha, kupunguza nguvu ya mrusho, au kuanza na pia ya ulinzi, kisha akaona matokeo ndani ya robo saa. Mtoano unamnyima somo hilo, kisha unamtaka aje mwezi ujao akiwa amekwisha kuwa hodari.

Ipo faida nyingine ambayo hutajwa kwa nadra: waamuzi. Kila uwanja unahitaji mtu wa kuhesabu hadi kurusha, kuona ipi imesimama kwanza, na kuamua kama pia zilitoka pamoja, ambapo mpambano hurudiwa bila pointi. Klabu ndogo haina fedha za kuwalipa waamuzi. Mahali ambapo wachezaji wote wapo hadi mwisho, waliomaliza mechi zao huwaamulia wengine kwa zamu, simu moja ikirekodi kwa mwendo wa polepole ili kumaliza ubishi. Watu hao hao hukagua vipande kabla ya raundi: viwe vya aina zilizokubaliwa, visiwe na nyufa wala kuchongwa, maana kipande kilichovunjika huruka kwa kasi na huweza kuumiza jicho. Uwanja uwe na kifuniko au ukuta wa kutosha, viwanja vyote viwe vya aina moja, na nyuso za watoto zikae mbali na ukingo.

Mwandaaji asiye na kompyuta asihofu. Kadi moja kwa kila mchezaji, yenye jina, wapinzani aliokwisha kukutana nao na ushindi wake, hutosha. Kadi zikipangwa mafungu kwa idadi ya ushindi, raundi inayofuata imejipanga yenyewe. Wakiwa watu 8 au chini ya hapo, ligi ya kila mmoja kukutana na kila mwenzake ni bora zaidi, kwani kwa watu 8 ni mechi 28 tu. Kuanzia 9 hadi 16, tumia Uswisi wa raundi nne. Hadi 32, raundi tano. Mtoano ubakie mahali pake, yaani hatua ya mwisho ya watu wanne ambao wamekwisha kuonyesha uwezo wao. Hesabu ya mwisho ya mwandaaji siku hiyo isiwe jina la bingwa pekee. Ahesabu wangapi walicheza mechi nne, na wangapi kati ya walioshindwa walijiandikisha kwa mashindano yajayo kabla ya kutoka mlangoni, kwa sababu hao ndio klabu yenyewe.