Mpira wa Usukani Ukipasuka Mara ya Tatu

Kwenye boti yenye injini ndani na mguu wa propela nje ya tezi, kama zile za MerCruiser na Volvo Penta, usukani husaidiwa na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu husukuma oili kwa mpira wa presha hadi kwenye valvu na silinda huko tezini, kisha oili hurudi kwa mpira mwingine ikipitia kipozeo. Mpira wa presha ukipasuka mara moja, pengine umezeeka. Ukipasuka wa tatu kabla mwaka haujaisha, mwenye boti huanza kulaani duka. Ni kweli bidhaa feki zimejaa, na mpira wa presha ndogo huuzwa kama wa presha kubwa. Lakini mipira ya maduka tofauti ikipasukia pale pale, tuhuma hiyo inakosa nguvu. Kuna kitu kinachoipasua, na kidonda chenyewe ndicho kinachoeleza.

Mpira uliochubuka ubavu mmoja umesuguliwa. Ubadilishiwe njia, yaishe. Ulioachia shingoni, pale kibano cha chuma kinapoushika, huwa umevutwa: silinda imefungwa kwenye ukuta wa tezi, injini inacheza juu ya vikalio vyake, na vikalio vikichoka mpira uliokatwa mfupi hauna pa kunyooka. Mafundi waliozoea magari hulaumu joto la manifoldi, wakisahau kwamba manifoldi ya boti hupozwa kwa maji. Mpira uliokauka hadi kupata nyufa mara nyingi umepikwa na oili yenyewe, kwa sababu kipozeo kimejaa mwani.

Kesi ngumu ni mpira mpya uliopasuka katikati bila mchubuko. Huo umezidiwa presha. Usukani ukikatwa hadi mwisho, presha inaweza kupita pauni 1,000 kwa inchi ya mraba, na valvu ya usalama ndani ya pampu huizuia isipande zaidi. Usukani ukiachiwa, inatakiwa ishuke sana. Sasa, kebo ya usukani huisogeza valvu ya tezini kidogo tu. Kebo ikishika kutu au ikafungwa vibaya, valvu hairudi katikati, na pampu inasukuma safari nzima bila kupumzika. Nahodha anaweza asihisi lolote, maana usukani bado ni mwepesi. Wapo wanaoshauri kufunga mpira mnene zaidi, kama wa katapila. Presha haipungui kwa hilo. Itahamia kwenye sili za pampu.

Geji ya presha ikiungwa kati ya pampu na mpira, ubishi unakwisha. Injini ingurume polepole, usukani uachiwe, isomwe. Ikiwa juu, kebo ifunguliwe, isomwe tena: ikishuka, kosa ni la kebo, ikigoma, valvu ya tezini imekwama, au mpira wa kurudisha oili umeziba. Ikiwa inapita kiwango cha kitabu pale tu usukani unapokatwa hadi mwisho, ni valvu ya pampu. Na anayetafuta panapovuja atumie kipande cha boksi, asipapase kwa kidole. Oili ya presha hiyo hupenya ngozi, na kitundu kidogo kisichouma sana kinahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.