Kutembea kwa nani?

Kama unasikiliza kipindi chetu, baba yangu unamjua. Ndiye yule anayesikika nyuma ya sauti yangu akiuliza nani kawasha taa mchana. Amestaafu mwaka juzi, baada ya miaka mingi ya zamu za usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Pearson. Tunakaa Malton, upande huu wa Mississauga ambako ndege zinapita juu ya paa kama daladala. Tangu astaafu, kazi yake imekuwa kochi. Sukari ikapanda. Daktari akasema mzee atembee nusu saa kila siku.

Nikamwambia, "Baba, twende tukatembee."

"Kwa nani?"

Kwa wenzangu ambao Kiswahili chenu ni cha kuchapia kama changu: kwa watu wa umri wake, kutembea ni kwenda kwa mtu. Unatembea kwa shangazi, unakuta chai, unarudi na habari. Kutoka nyumbani, kufika mahali, kugeuka na kurudi bila kumsalimia mtu yeyote, hilo baba hana jina lake. Nilimpeleka bustanini, akazunguka mara moja, akakaa kwenye benchi akaniuliza kama nimemaliza. Wakati wa baridi nikampeleka kwenye jumba la maduka tutembee ndani, akanunua viazi.

Halafu nikamwambia habari ya West Toronto Railpath, na nilimwambia kwa bahati tu, tukiwa tunakula. Kwamba kuna njia huko Toronto, zaidi ya kilomita mbili, zamani ilikuwa reli. Treni zikaacha kutumia kipande kile, jiji likaweka lami, na tangu 2009 watu wanapita kwa miguu na baiskeli.

Akaacha kijiko. "Reli iliyokufa wameiwekea lami?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya watu wa miguu?"

"Na baiskeli."

Jumamosi ile alivaa shati la kwenda msikitini.

Kutoka kwetu ni rahisi sana. Unapanda treni ya GO stesheni ya Malton, unashuka Bloor, na njia yenyewe iko pale pale, sambamba na reli ambazo bado zinafanya kazi. Tulianza kuelekea kaskazini. Dakika ya kwanza tu tukapigiwa kengele, kwa sababu baba anatembea upande wa kushoto. Miaka zaidi ya thelathini Kanada na miguu yake bado inafuata sheria za barabarani za Tanzania. "Shika kulia, baba." Akashika kulia, akamsalimia mwenye baiskeli, mwenye baiskeli akaitikia. Nikaona uso umelegea kidogo. Angalau sasa kuna mtu wa kumsalimia.

Nilichokuwa sikitegemei ni kwamba ataanza kufundisha. Mimi nilikuwa naona lami na majani na ukuta wenye michoro. Yeye alikuwa anaona reli. Alisimama akanionyesha jinsi njia ilivyo sawa, haipandi haishuki. "Treni haipendi mlima," akasema. "Penye bonde wanajaza udongo, wanafanya tuta. Penye kilima wanachimba, wanapita katikati. Kwa hiyo ukiona njia haina mlima hata kidogo, jua kuna watu waliumia mgongo." Magoti yake, ambayo kwenye ngazi za nyumbani yanalalamika kila siku, hayakusema kitu.

Akaniuliza, "Yale magogo yanayolala chini ya reli yanaitwaje?"

Sikujua.

"Mataruma. Moja ni taruma." Na mawe yale madogo ni kokoto, hilo nilijua. Na chumba cha abiria ni behewa. Jamani, mimi na huyu mtu tumekaa nyumba moja maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia akisema neno taruma.

Tulipita chini ya daraja la miguu la Wallace, la chuma, la mwaka 1907, linalovuka juu ya reli zote. Mbele kidogo ni daraja la zamani la treni, lile ambalo njia inapita juu ya mtaa wa Dupont. Hapo ndipo aliposimama sana. Akaweka kiganja kwenye chuma, akapapasa ribiti moja moja. Treni ikapita pembeni, ya wasafiri wa uwanja wa ndege. Ikaisha. Akasema:

"Mimi treni ya kwetu siikumbuki. Nakumbuka wakiing'oa."

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Baba alizaliwa 1958 kijiji kimoja nje ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Vita vilikuwa vimeisha, kwao mafuta ya kupikia yalikuwa haba, wakaona walime karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya upande wa kusini wakajenga bandari Mtwara, na reli ya kuleta karanga baharini. Karanga zilikataa. Udongo mgumu, mvua haikutosha, matrekta yakafa. Januari 1951 serikali yao ikautupa mradi, pauni zaidi ya milioni 30 zimeshaliwa. Bandari ya Mtwara ipo mpaka leo na inafanya kazi. Reli ilibaki inazunguka na mizigo kidogo ya hapa na pale, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikaondolewa.

Hayo yote niliyasoma. Nilisoma hata chuoni, karanga za Tanganyika zilikuwa mfano wa mwalimu wa uchumi, darasa likacheka, na mimi nikacheka. Ambacho sikujua ni kwamba babu yangu alikuwa kibarua kwenye ile reli.

"Babu yako aliitandika," baba akasema, "na ilipokufa wakamwita tena aje aing'oe. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya tuta nakula embe, naona wanaume wanainua chuma kwa pamoja, mmoja anaimba wengine wanaitika. Yeye alikuwa katikati." Akanyamaza kidogo. "Amelipwa mara mbili kwa reli moja. Ndiyo ilikuwa mzaha wake. Kila akipata wageni anasema hivyo, watu wanacheka. Mimi siku ile sikumwona akicheka."

Lile tuta likabaki. Baba aliliendea shule kwa miguu, kwa sababu masika yakija njia nyingine zote zinakuwa matope, tuta tu ndilo kavu. Baadaye majani yakafunga. Mtu akapanda muhogo juu yake, mwingine akachota udongo wa kujengea. Hakuna aliyefikiria kuweka lami, na nani angeilipia? Hapo sikusema kitu. Ningesema nini? Kuna wakati nchi hii inanichosha kwa utajiri wake, hata treni ikifa inapata mazishi mazuri.

Wenzangu wa kipindi wameniuliza kama nilirekodi. Sikurekodi. Simu ilikuwa mfukoni, na nilijua kabisa kwamba nikiitoa, atanyamaza.

Tulifika mwisho wa kaskazini, mtaa wa Cariboo, tukageuka. Kurudi kusini tulivuka tena Bloor tukaendelea mpaka Sterling, ambako kuna kiwanda cha chokoleti cha Nestlé. Siku upepo ukiwa mzuri unainusa njia nzima, na siku ile ulikuwa mzuri. Mtu wa sukari, daktari kasema atembee, unampitisha kwenye harufu ya chokoleti. Tulicheka mpaka tukasimama. Halafu njia ikaisha pale Dundas, na mzee akakasirika kweli. "Reli gani inaishia hapa? Reli lazima ifike mahali." Nikamwambia upo mpango wa kuirefusha kuelekea katikati ya jiji. Hakuridhika.

Nikamwambia pia kwamba kuna nyingine, na hii ni yetu. Reli ya kutoka Orangeville kupitia Brampton hadi Streetsville, hapa hapa Mississauga, treni zake zilikoma 2021, na Mkoa wa Peel umeinunua ili siku moja iwe njia ya watu. Kilomita zaidi ya hamsini.

Hakujibu. Kwenye treni alilala, mdomo wazi, viatu vimejaa vumbi.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Jumamosi iliyofuata nilikuwa bado kitandani aliponigongea mlango, ameshavaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Treni ya kwanza ni saa ngapi?"